Roketi ya Daraja H Yenye Kompyuta Ndani: Mwongozo kwa Mafundi wa Uganda

Roketi tunayoiunda hapa ina urefu wa sentimita 130 na upana wa milimita 66, na ikiwa tayari kuruka ina uzito wa kilo moja na nusu. Mota yake, yaani injini ya mafuta inayoisukuma juu, ni ya daraja H, ya kipenyo cha milimita 29. Inapanda kati ya mita 400 na 500, inajifungua kileleni, inaporomoka ikiwa imefungwa parachuti yake hadi mita 120 kutoka ardhini, hapo kompyuta ndogo iliyo ndani inaiachilia parachuti. Ikitua unabaki na rekodi ya safari nzima: urefu, msukumo, kasi ya kushuka.

Vitu karibu vyote vinapatikana Kampala. Kinachokosekana ni mota, na ndicho nitakachoanza nacho ili usije ukamaliza kazi yote ndipo ugundue.

Mota: iulizie kwanza, iguse mwisho

Nguvu ya mota hupangwa kwa herufi, na ukomo wa kila herufi ni mara mbili ya ule wa herufi iliyotangulia. G inaishia nyutoni-sekunde 160 (msukumo mara muda unaodumu), H inaishia 320, I inaishia 640. Ukiona mota imeandikwa H128-8, soma hivi: daraja H, inasukuma kwa wastani wa nyutoni 128, na ikishazima inangoja sekunde 8 kisha inalipua chaji ndogo inayoifungua roketi. Kuanzia daraja hilo, vyama vya roketi vya Marekani, NAR na Tripoli, humtaka mrushaji awe na cheti. Uingereza chama chao ni UKRA.

Mota hizi husafirishwa kama bidhaa hatari. Haziingii kwenye sanduku la abiria wala kifurushi cha kawaida, na hapa Uganda zinahitaji kibali kama vilipuzi vingine. Kwa hiyo njia ni mbili. Ya kwanza ni kupitia taasisi, chuo kikuu kwa mfano, inayoweza kuandikia polisi na jeshi kwa barua rasmi na kuagiza kupitia wakala mwenye leseni. Ya pili ni kuunda kila kitu nyumbani, kuifungua roketi vipande vipande, na kusafiri nayo hadi mkutano wa warushaji nje ya nchi, ambako mota huuzwa palepale uwanjani na unaweza kufanya mtihani wa cheti siku hiyohiyo. Ndiyo sababu katika mchoro wangu hakuna kipande kinachozidi sentimita 75. Vyote vinaingia kwenye sanduku.

Njia ya tatu haipo. Kuna video nyingi za watu wanaopika mafuta ya roketi jikoni, zipite. Mota ya kiwandani ina msukumo uliopimwa, na hesabu zote za mwongozo huu zimesimama juu ya msukumo huo. Ya jikoni huijui, na ikipasuka inapasuka mkononi. Tena, tangu mabomu ya Julai 2010 na yale ya Novemba 2021, kijana atakayekutwa Kampala na mchanganyiko wa aina hiyo atalala kituoni, hata akieleza vipi kwamba ilikuwa roketi.

Wala si aibu kutumia mota ya wengine. PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda, ilipaa tarehe 7 Novemba 2022 kutoka Wallops, Virginia, kwa roketi ya Antares ambayo hakuna Mganda aliyeiunda. Kazi ya wahandisi wetu ilikuwa kile kisanduku cha sentimita 10 kila upande. Nasi kazi yetu kubwa ni kisanduku.

Chora kabla ya kushika msumeno

Pakua OpenRocket. Ni programu ya bure, ilianza kama tasnifu ya mwanafunzi wa Finland, Sampo Niskanen, mwaka 2009, na inafanya kazi hata kwenye kompyuta kuukuu. Ingiza kila kipande kwa vipimo na uzito wake halisi. Usikisie uzito, mizani ya jikoni inatosha.

Jambo la kwanza la kubadilisha ni mahali pa kurushia, kwa sababu programu huanza ikidhani uko usawa wa bahari. Sehemu kubwa ya kusini na kati ya Uganda iko mita 1,100 au zaidi. Weka mita 1,200 na joto la nyuzi 28. Hewa hapo ina uzito wa kilo 1.02 hivi kwa mita moja ya ujazo, wakati vitabu vingi hutumia 1.225. Hewa nyepesi inakufaidisha wakati wa kupanda na kukuponza wakati wa kushuka: parachuti ileile itashuka kwa kasi inayozidi ile ya pwani kwa karibu asilimia 10. Tutalirudia hili tukifika kwenye kitambaa.

Jambo la pili ni utulivu. Roketi ina kitovu cha uzito, yaani mahali inaponing'inia sawasawa ukiifunga kamba, na kitovu cha upepo, mahali nguvu zote za hewa zinapokusanyika. Kitovu cha uzito lazima kiwe mbele ya kile cha upepo, upande wa pua, kwa umbali usiopungua upana mmoja wa roketi. Kwa yetu ni milimita 66; lenga 100 hadi 130. Kikiwa nyuma, roketi inageuka hewani na kukufuata. Kikiwa mbele mno, inaugeukia upepo na kulala.

Tatu, msukumo. Uzito wa kilo 1.5 ni sawa na nyutoni 14.7. Wastani wa nyutoni 128 ni karibu mara tisa ya huo, na kiwango cha chini kinachokubalika ni mara tano. Reli ya kurushia ya mita 2, ukiondoa sehemu ambayo kitufe cha juu (kishikizo cha roketi kinachoteleza relini) kimeshatoka, inakuachia kama mita 1.6 za kuongozwa. Hapo roketi inaondoka na mita 15.5 kwa sekunde, kasi ambayo mapezi tayari yanashika hewa. Ukiongeza uzito, rudia hesabu hii kabla ya kitu kingine chochote.

Mwili

Nenda Kiyembe, kwenye maduka ya vitambaa. Majora hufungwa kwenye mabomba ya karatasi ngumu, na likishaisha jora bomba ni takataka. Chagua lililonyooka: lizungushe juu ya meza ya kioo, lisipige mdundo. Pima kipenyo na uzito kabla ya kulipa. Zaidi ya gramu 350 kwa mita utaanza kupigana na mchoro wako. Kama hukupata la milimita 66, chukua lililo karibu na ubadilishe mchoro, usilazimishe bomba. Nasser Road nako wana mabomba ya roli za mabango, lakini mengi ni mapana na mazito.

Bomba la plastiki la maji liache kwa fundi bomba. Likipasuka linatoa vipande vyenye makali. Na mafundi wa Katwe, ambao wanaweza kukutengenezea chochote, watakwambia pua ya chuma ni nzuri zaidi na wataifanya kwa bei poa. Washukuru, uendelee. Kanuni za usalama za mchezo huu zinataka roketi iundwe kwa vitu vyepesi kama karatasi, mbao, plastiki au faibaglasi, na chuma laini pale tu inapolazimu, kwa sababu siku parachuti ikikataa kitakachoanguka kitakuwa kimoja kati ya hivyo.

Kata vipande viwili: cha chini sentimita 70, cha juu sentimita 35. Pua ya sentimita 25 mpelekee seremala mwenye mashine ya kuchonga miguu ya vitanda, mpe mti mwepesi, kisha aitoboe ndani hadi ukuta ubaki sentimita moja. Karatasi hunywa unyevu, na huku kwetu unyevu haukosi. Paka vanishi ndani na nje, mara mbili, na mipako minene kwenye kingo zilizokatwa. Anayetaka uimara zaidi avike tabaka moja jembamba la kitambaa cha faibaglasi kwa epoksi.

Mapezi matatu au manne ya plaiwudi ya milimita 4. Nyuzi za mbao za tabaka la nje zifuate ukingo wa mbele wa pezi, vinginevyo litavunjika likitua. Pezi lisigundishwe juu ya bomba tu. Pasua mfereji kwenye bomba, pezi liingie ndani hadi liguse bomba dogo la mota, kisha gundisha sehemu tatu: kwenye bomba la mota, ndani ya ukuta, na nje. Ili mapezi yasimame sawa, zungushia karatasi kwenye bomba, kata pale inapokutana, ikunje sehemu tatu, au nne kama mapezi ni manne, weka alama kwenye mikunjo. Hakuna kifaa kinachoshinda hilo.

Bomba la mota hushikwa na pete mbili za plaiwudi ya milimita 6. Mota yenyewe izuiwe isirudi nyuma kwa vibao viwili vya chuma na skrubu. Kuikaza kwa gundi ya karatasi peke yake hakutoshi, kwani chaji ikilipuka itaisukuma mota nje na parachuti itabaki ndani.

Toboa tundu moja la milimita 3 kwenye bomba la chini, juu ya bomba la mota. Roketi ikipanda, hewa iliyofungiwa ndani inatafuta kutoka, na bila tundu hilo inaweza kukufungulia roketi kabla ya wakati.

Parachuti na kamba

Mwavuli mkubwa wa mvua, ule wa matangazo unaofunika watu watatu, una vipande vinane vilivyokatwa tayari na kushonwa. Ung'oe kwenye vyuma vyake. Kwa roketi itakayoshuka na kilo 1.4 kwa mita 5.5 kwa sekunde, katika hewa yetu unahitaji kipenyo cha sentimita 123. Usawa wa bahari sentimita 112 zingetosha. Kamba nane za nailoni, moja kila pembe, ziwe ndefu angalau kama kipenyo, na zishonwe kupita juu ya mshono, si kufungwa kwenye tundu.

Kamba inayounganisha nusu mbili za roketi iwe mkanda wa nailoni wa mabegi, mita 5 au zaidi. Ukiwa mfupi, nusu mbili zinagongana au mkanda unakata ukuta wa bomba. Mita moja ya chini inakaa karibu na moto wa chaji na nailoni huyeyuka, kwa hiyo ivike ngozi. Aproni kuukuu za wachomeleaji ndizo ngozi bora. Kata pia kipande cha mraba, sentimita 30 kila upande, cha kufunika parachuti.

Chumba cha vyombo

Hapa ndipo utatumia muda mwingi kuliko kote.

Chumba ni bomba la sentimita 22 linaloingia kwa kubana ndani ya bomba kuu. Sentimita 15 zinakaa ndani ya kipande cha juu na kukazwa kwa skrubu. Sentimita 7 zinachomoza na kuwa shingo inayoingia kipande cha chini. Kila mwisho una kifuniko cha plaiwudi, na vijiti viwili vya chuma chenye hesi vinavipitia vyote viwili na kuvikaza kwa nati. Kifuniko cha chini kinabeba bolti yenye kitanzi, na bolti hiyo ndiyo inayobeba mzigo wote wa parachuti.

Ubao wa ndani unapanda juu ya vile vijiti viwili. Juu yake weka:

- Maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo, ya ESP32, au Arduino Nano kama ndiyo uliyoizoea.
- Barometa, kipima mkandamizo wa hewa, ya BMP280 au iliyo bora kuliko hiyo.
- Akselerometa, kipima mchapuko, ya MPU6050. Inapowashwa husoma hadi g 2 tu (g moja ni uzito wa kawaida wa kitu), na roketi hii inaanza na g 9 au zaidi, kwa hiyo iamuru kwenye programu isome hadi g 16.
- Chipu ya kumbukumbu ya W25Q128, iliyolehemiwa.
- Servo ndogo ya gramu 9, yaani mota ya umeme inayozungusha mkono mdogo kwa amri.
- Kipaza mlio.
- Betri ya lithiamu ya seli moja, yenye saketi ya kuilinda.

Kadi ya kumbukumbu ya simu sijaiweka kwa makusudi. Mtikisiko huiachanisha na soketi yake, na faili inayokatika katikati ya safari huwa haina kitu. Chipu ile ina megabaiti 16. Ukiandika baiti 16 mara 50 kila sekunde, itajaa baada ya saa tano na ushee. Safari nzima haifiki dakika mbili.

Chochote chenye uzito kikae juu ya kitu kigumu, kwa sababu mwanzoni kila kitu kinakuwa kizito mara tisa na kusukumwa chini. Betri ya gramu 15 inakuwa gramu 135. Ifunge kwa kamba mbili za plastiki na iegemee kipande cha mbao. Utepe wa gundi usiuamini. Nyaya zilehemiwe, zile za kuchomeka kwa vidole ziishie mezani. Swichi ya kuteleza ilazwe kuvuka roketi. Ikisimama kufuata urefu wa roketi, msukumo wa mota unaweza kuizima.

Servo inapoanza kuvuta hunywa umeme mwingi kwa ghafla, volti zinaporomoka, na kompyuta inajizima na kuwaka upya, tena katika sekunde ambayo unaihitaji zaidi. Weka kapasita ya maikrofaradi 1,000 karibu na servo. Kama una nafasi, ipe servo betri yake.

Barometa inahitaji kuonja hewa ya nje, lakini hewa tulivu. Toboa matundu manne ya milimita 2, yakitengana nyuzi 90, kupitia bomba la nje na ukuta wa chumba, mbali na maungio ya pua. Hesabu inayotumika ni eneo la tundu moja la robo inchi kwa kila lita 1.6 za ujazo. Chumba chetu kina kama lita 0.6. Tundu moja tu litadanganywa na upepo wa pembeni. Lainisha kingo kwa msasa, na ifunike barometa kwa sponji nyepesi, maana mwanga wa jua ukiipiga moja kwa moja usomaji unayumba.

Kufuli ya parachuti

Warushaji wengi hutumia baruti kufungua parachuti kwa amri ya altimita, kifaa cha kupima urefu. Kwa Uganda siishauri. Ni kilipuzi kingine cha kuombea kibali, na servo inaifanya kazi hiyo bila moshi.

Ikunje parachuti, izungushie pete mbili za mpira zilizokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, na pete hizo uzifunge kwenye pini laini ya chuma ya milimita 2 inayochomoza chini ya kifuniko cha chumba. Servo iko ndani na mkono wake umeishika pini. Ikivuta, pini inaingia ndani, mipira inaruka, kitambaa kinafunguka. Mzigo wa parachuti unakwenda kwenye bolti yenye kitanzi, haugusi pini. Mpira ukikazwa kupita kiasi servo itashindwa kuvuta, kwa hiyo ukaze kiasi cha kubana tu, kisha jaribu huku mtu akivuta kifurushi kwa nguvu.

Tundu la pini liwe la kubana na lipakwe grisi. Chaji ya mota ikilipuka, mkandamizo ukipenya ndani ya chumba barometa itadhani roketi imeanguka ghafla. Kasoro hii haionekani kwa macho, itaonekana kwenye data, na kama programu haikuandaliwa itafungua parachuti kileleni na kuipeleka roketi kijiji cha pili.

Programu

Ipange kwa hali tano zinazofuatana, bila kurudi nyuma: kusubiri, kupanda, kuporomoka, parachuti, kutua.

Katika kusubiri, inapima mkandamizo wa hewa wa uwanjani na kuuandika kwenye kumbukumbu. Karibu na hapa kila mita moja ni kama paskali 10. Usitumie ile 12 ya usawa wa bahari, au tumia fomula kamili. Sekunde mbili za mwisho ziwe zinazunguka kwenye kumbukumbu ya muda, ili rekodi iwe na mwanzo wa safari na si katikati yake. Ikiona zaidi ya g 3 kwa robo sekunde, au urefu wa mita 20, imeruka.

Kilele kinatangazwa urefu ukishuka mita 5 chini ya kiwango cha juu kilichofikiwa. Kabla ya hapo, servo iwe imefungwa kwa sharti ambalo hakuna mstari mwingine wa programu unaoweza kulipita. Baada ya hapo, ikisoma chini ya mita 120 mfululizo kwa nusu sekunde, ivute. Nusu sekunde hiyo ndiyo inayochuja ule mlipuko wa chaji.

Na kompyuta ikijizima hewani je? Ikiwaka, isome mkandamizo wa uwanjani ulioandikwa. Kama urefu uko juu ya mita 30 na unabadilika haraka, ifungue parachuti papo hapo. Kuifuata roketi kilomita moja kwenye nyasi ni afadhali kuliko kuichimbua.

GPS na redio, ukitaka kuziongeza, ni za kutafutia roketi tu. Usiziruhusu ziamue chochote, kwa sababu GPS mara nyingi hupoteza setilaiti wakati wa msukumo. Redio ya LoRa ya megahezi 433 inatosha, na antena yake ni waya ulionyooka wa sentimita 17.3. Masafa yanasimamiwa na Tume ya Mawasiliano, UCC. Waulize kuhusu kifaa chako kabla ya kukiwasha. Karatasi na faibaglasi hupitisha mawimbi, nyuzi za kaboni huyazuia.

Majaribio yasiyohitaji mota

Tafuta mtungi wa lita moja wenye kifuniko cha kukaza na bomba la sindano la mililita 60 kutoka duka la dawa za mifugo. Toboa kifuniko, ingiza mpira mwembamba, ziba kwa silikoni. Weka ubao wa vyombo ndani. Kama servo haiingii, weka taa mahali pake. Ukivuta sindano yote, mkandamizo unashuka kwa karibu asilimia 6, na altimita inaamini imepanda kama mita 500. Iachilie polepole uone taa inawaka mita 120. Vuta haraka, vuta taratibu, tikisa, zima na washa katikati. Mtungi huu utakuonyesha makosa mengi ya programu kuliko kifaa chochote cha bei ghali. Kumbuka tu kwamba hauna msukumo, hivyo itabidi programu ikubali kuanza kwa urefu peke yake.

Kwa msukumo, toka nje mahali pasipo na watu, tia chumba chote ndani ya mfuko imara, kifunge kamba ya mita 1 na kizungushe. Mzunguko mmoja na nusu kwa sekunde ni g 9. Ukimaliza, fungua uangalie: kama betri imesogea au data imekatika, umejua leo.

Maungio ya katikati yajaribu kwa pampu ya baiskeli. Ziba bomba la mota kwa kizibo chenye vali, pakia roketi kama ya safari, ilaze juu ya godoro na upige pampu. Inapaswa kufunguka kwa kishindo kidogo na kutoa kila kitu nje. Ukiishika kwa pua na mwili ukaanguka wenyewe, maungio yamelegea. Ongeza utepe wa karatasi.

Mwisho, jaza mchanga kwenye gamba tupu la mota hadi ulingane na uzito wa mota, ning'iniza roketi kwa kamba, na weka alama kitovu cha uzito. Kilinganishe na mchoro. Kama kimerudi nyuma, ongeza uzito kwenye pua, usibadilishe namba kwenye programu.

Uwanja na wenyewe

Mamlaka ya Usafiri wa Anga, UCAA, wanahitaji kujua mahali, siku, saa na urefu. Polisi wa wilaya na ofisi ya RDC, mwakilishi wa rais wilayani, wapate barua. Kaa mbali na Entebbe, Kajjansi, Soroti penye chuo cha marubani, na Nakasongola penye kambi ya jeshi la anga, ingawa nyika ya Nakasongola inatamanisha kwa macho.

Mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, ndiye muhimu kuliko wote. Mfuate siku kadhaa kabla, umwonyeshe roketi, umweleze kutakuwa na mngurumo, na mwombe awaambie wafugaji. Akishakukubali, watoto wa kijiji watakuwa walinzi wako na watafutaji wako. Asipokukubali, barua ya Kampala haitakusaidia.

Uwanja usipungue mita 460 kwa upande wake mwembamba, na nyumba za watu ziwe mbali kiasi hicho pia. Epuka mabwawa ya mafunjo. Kinachotua humo hakitoki. Januari na Februari nyasi hukauka na cheche moja inatosha, kwa hiyo fyeka na usafishe duara la mita 15 kuzunguka reli, weka madumu ya maji na matawi mabichi.

Siku ya kurusha

Rusha asubuhi, kabla ya jua kuamsha upepo na mawingu ya mchana. Upepo ukizidi kilomita 32 kwa saa, funga mzigo urudi.

Reli tengeneza kwa alumini ya mafundi wa madirisha. Chagua profaili yenye mfereji ulionyooka, na vitufe vya plastiki viteleze humo bila kukwama. Isiegemee zaidi ya nyuzi 20 kutoka wima. Roketi ikiwa tayari imesimama, washa vyombo, subiri mlio unaosema barometa imetulia, ndipo uweke kiwashio cha mota. Mpangilio huo haugeuzwi. Kiwashio huwashwa kwa umeme, kwa swichi yenye ufunguo, na ufunguo unakaa shingoni mwa anayetoka mwisho relini.

Watu wote wawe mita 30 au zaidi, wamesimama, wakitazama juu. Hesabu kwa sauti. Mota ikikataa, toa ufunguo, ngoja sekunde 60 kamili, na aende mtu mmoja tu.

Baada ya kutua

Kipaza mlio ndicho kitakachokuongoza ndani ya nyasi. Piga picha ilivyotua kabla ya kuigusa: utaona kamba zilivyojisokota na mpira wa pini ulikoruka. Data ihamishe kwenye kompyuta ukiwa bado uwanjani, kabla hujazima.

Chora mstari wa urefu kwa muda. Mteremko wa mwisho ukiwa mkali kuliko mita 6 kwa sekunde, kitambaa ni kidogo. Kama kuna mwiba mfupi wa kushuka kileleni, grisi ya tundu la pini haikutosha. Kama kilele ni cha chini kuliko mchoro ulivyosema, ongeza ukinzani wa hewa kwenye OpenRocket hadi vilingane, na hiyo ndiyo namba utakayotumia kwa roketi hii kuanzia sasa. Gamba la mota lisafishwe likiwa bado vuguvugu. Parachuti ianikwe kivulini, isikunjwe na umande. Betri ihifadhiwe kwenye volti 3.8, nje ya roketi.